Kazi ya Bure si Kazi Bure

Lugha yetu ina neno moja dogo ambalo limewapotosha watu wengi. Neno hilo ni bure. Mtu akipewa embe bila kulilipia, husema amelipata bure. Na mtu akilima shamba la mawe mwaka mzima asivune hata kikapu kimoja, husema amelima bure. Kitu kisichouzwa na kitu kisichofaa vimevishwa vazi moja, na kwa kuwa vazi ni moja wengi wamedhani kwamba aliyelivaa naye ni mmoja. Ndipo utawasikia watu wazima, wenye akili zao timamu, wakimcheka kijana aliyeshinda Jumamosi nzima akizibua mtaro wa mtaa wao. Humwambia, "Unafanya kazi ya bure!" Nao hawana maana ya kwamba hakulipwa tu. Wana maana ya kwamba amepungukiwa na akili.

Msomaji wangu, mimi nina ugomvi na kicheko hicho. Sitaki kuugombea kwa methali, maana methali zipo za pande zote mbili, na kila mtu huchagua ile inayomfaa. Nitaugombea kwa historia ya kitu kidogo sana: reli inayozunguka ziwa katika mji wa Rhyl, pwani ya kaskazini ya Wales, katika milki ya Uingereza. Utaniuliza, wapi Rhyl na wapi Kenya? Nakuomba ustahimili kidogo. Nimekwenda mbali kwa makusudi. Mambo yaliyo karibu nasi tumeyazoea mno, na jicho lililozoea ni jicho zito.

Kwanza yatupasa kujua reli ndogo ni kitu gani, kwa sababu nilipolitaja jina hilo darasani wanafunzi walicheka, wakidhani nasema juu ya gari la bati ambalo mtoto hulivuta kwa uzi. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 1917 ukiongeza miaka mia moja kamili, yaani 2017, ina upana wa mita moja na sentimita 43 na nusu. Reli ya Rhyl ina upana wa inchi 15, yaani sentimita 38 tu. Chukua rula yako ya sentimita 30, ongeza robo yake na kidogo tena mbele, utaupata upana huo juu ya dawati. Juu ya vyuma hivyo hupita injini ya kweli, yenye tanuru la kweli, makaa ya mawe ya kweli, maji yanayochemka na mvuke unaoweza kumuunguza mtu kama mvuke mwingine wowote. Nyuma yake hufuata mabehewa, na ndani ya mabehewa huketi watu wazima na watoto wao. Udogo wake uko katika kipimo tu. Kwa mambo mengine yote ni reli.

Wala haikuzaliwa kwa ajili ya michezo. Mwaka 1874 Sir Arthur Heywood, tajiri wa Derbyshire, alianza kutandika reli ya inchi 15 katika viwanja vya nyumba yake mahali paitwapo Duffield Bank. Alikuwa amejaribu kwanza inchi 9, akaona kwamba mabehewa ya upana huo hayana utulivu wa kutosha kubeba watu. Alikuwa na shauri zito moyoni. Aliamini kwamba mashamba makubwa, machimbo na kambi za askari vingeweza kuchukuza mizigo kwa reli nyembamba kwa gharama iliyo chini ya ile ya farasi na mikokoteni, akaliandikia kitabu jambo hilo. Mwaka 1896 reli yake nyingine ilikuwa ikifanya kazi Eaton Hall, nyumbani kwa Duke wa Westminster, ikileta makaa ya mawe na vifaa vya ujenzi kutoka stesheni ya reli kubwa. Wateja wengine hawakuja. Heywood alikuwa na haki katika hesabu zake, lakini ulimwengu haukumsikiliza, na kipimo chake cha inchi 15 kingalizikwa naye kama wafanyabiashara wasingalikiokota.

Waliokiokota ni W. J. Bassett-Lowke wa Northampton, mwuza mifano ya injini, pamoja na fundi wake mchoraji, Henry Greenly. Hao waliona kwamba watu waendao pwani siku za mapumziko watalipa ili wavutwe na injini ndogo. Mwaka 1905 walifungua njia Blackpool, na tarehe 1 Mei 1911 ikafunguliwa ile ya Rhyl, ikizunguka ziwa la maji ya chumvi lililochimbwa kwa mikono ya watu kwa ajili ya starehe za mji. Mzunguko wake ni kama maili moja. Hata leo reli hiyo huhesabiwa kuwa kongwe kuliko reli ndogo zote za Uingereza.

Katika miaka ya 1920 mji wa Rhyl ulifanya jambo la kujivunia. Albert Barnes, msimamizi wa uwanja wa starehe uliokuwa kando ya ziwa, hakutaka kununua injini za mbali. Alizitengeneza pale pale mjini, kwa michoro ya Greenly. Ya kwanza ilitoka mwaka 1920, ikaitwa Joan. Zikafuata nyingine hata zikawa sita. Yafikirie hayo, ewe mwanafunzi uliyezoeshwa kuamini kwamba mashine ni kitu kinachoshuka melini: mji mdogo wa pwani, ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuwapokea wageni na kuwauzia chai, uliunda injini zake wenyewe. Watu waliokuja Rhyl wakiwa watoto walirudi wakiwa na watoto, kisha wakiwa na wajukuu, na Joan akawavuta wote.

Kisha fedha zikaondoka. Watu walijifunza njia nyingine za kupumzika, uwanja wa starehe ukafungwa mwaka 1969, na reli ikafungwa pamoja nao. Injini zikauzwa, zikatawanyika. Hapa, msomaji wangu, nataka utue kidogo, kwa maana hapa ndipo mwenye kucheka kazi ya bure anapopaswa kujibu swali. Kwa miaka 58 reli ile iliendeshwa kwa hesabu ya faida. Kila aliyeigusa alilipwa, na kila aliyeimiliki aliimiliki ili apate. Hesabu ilipogeuka, hapakuwa na hata kiungo kimoja katika utaratibu wote ule kilichosema, "Lakini ni kitu chema, tusikiache." Mshahara ulipokwisha, mikono nayo ilikwisha. Simlaumu mfanyabiashara, hakuahidi zaidi ya hayo. Namlaumu yule anayetuambia kwamba fedha peke yake hutosha kuvifanya vitu vyema vidumu.

Wakati huo huo, katika nchi ile ile ya Wales, mfano wa njia nyingine ulikuwa umekwisha onekana. Huko Tywyn ilikuwako reli nyembamba ya mawe ya kuezekea, iitwayo Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860. Ilikuwa pana kuliko ile ya Rhyl, lakini bado nyembamba. Machimbo yalifungwa, na mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, aliendelea kuitia roho mwaka baada ya mwaka ingawa haikuwa na faida. Alifariki mwezi Julai 1950. Kila mwenye busara ya biashara alijua kwamba mwisho umefika. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo huo watu walikutana katika hoteli moja mjini Birmingham, mwandishi L. T. C. Rolt akiwa mmoja wa viongozi wao, wakaamua kuunda chama cha kuiendesha reli ile kwa watu wa kujitolea. Walikuwa makarani, mafundi, waalimu na wengineo, na wengi wao walikaa mbali na Tywyn. Tarehe 14 Mei 1951 treni yao ya kwanza iliondoka stesheni. Haikuwako reli nyingine duniani iliyookolewa kwa namna hiyo kabla yao.

Usifikiri walikuwa mahodari wote. Mwaka 1952 gadi wao mmoja alikuwa padre W. Awdry, yule aliyeandika hadithi za injini Thomas kwa watoto, na inasimuliwa kwamba siku moja aliiruhusu treni iondoke akamsahau stesheni mama aliyekuwa akiuza vinywaji. Naipenda habari hiyo kuliko habari za ushujaa. Watu wa kujitolea hukosea, hujifunza, na kesho yake huja tena. Na Talyllyn ingali ikienda hata leo, baada ya zaidi ya miaka sabini.

Lakini huenda mtu akasema kwamba kuendesha injini ya mvuke ni kazi ya wataalamu, na kwamba makarani na makasisi hawana budi kuwaachia wenye vyeti. Neno hili lina sehemu ya kweli, nami nitaifikia. Kwanza nikusimulie ugomvi mwingine uliotokea London katika miaka ya 1920. Alikuwako mtu aitwaye Curly Lawrence, aliyewahi kufanya kazi katika reli ya London, Brighton and South Coast, akazichukua herufi za reli hiyo kuwa jina lake la uandishi: LBSC. Wataalamu wa siku hizo walishikilia kwamba injini ndogo sana haiwezi kuendeshwa kwa makaa ya mawe. Yafaa iwashwe kwa spiriti, na kazi yake iwe kuvuta vibehewa vya kuchezea. Bassett-Lowke mwenyewe, yule wa reli ya Rhyl, alikuwa upande huo. Lawrence hakuwa na kiwanda wala sifa. Alikuwa na injini yake Ayesha, ya upana wa inchi mbili na nusu tu, aliyoiunda nyumbani. Akaipandisha moto wa makaa, akaketi nyuma yake mtu mzima, na ile injini ikamvuta. Mabishano hayo hukumbukwa hata sasa kwa jina la vita vya maboila.

Baada ya hapo Lawrence aliandika kwa miaka mingi katika gazeti la Model Engineer, lililoanzishwa mwaka 1898, akiwafundisha watu wa kawaida hatua kwa hatua jinsi ya kuchonga gurudumu, kukunja shaba ya boila na kusawazisha vali. Wasomaji wake walifanya kazi jikoni na katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Walipokwisha kuunda injini zao walitaka mahali pa kuziendesha. Wakaunda vyama, wakaziomba halmashauri za miji kipande cha bustani ya umma, wakatandika njia. Ndiyo sababu leo, ukipita katika bustani nyingi za miji ya Uingereza siku ya Jumapili, utaona watoto wamepanda vigari wakivutwa na injini isiyofika kiunoni mwa dereva wake. Dereva huyo halipwi. Nauli anayotoa mtoto hununua makaa, mataruma na rangi.

Sasa niifikie ile sehemu ya kweli. Mvuke hauna simile na mtu mwenye nia njema. Boila likipasuka halitauliza kama aliyelitengeneza alilipwa au alijitolea. Vyama hivyo vinalijua jambo hilo, na sheria zao ni kali kuliko za makampuni mengi. Boila jipya hujazwa maji baridi, likasukumwa kwa nguvu mara mbili ya ile litakayoifanyia kazi, huku mkaguzi akilitazama kila kiungo. Likifaulu hupewa cheti, na cheti kina muda wake. Muda ukipita, injini haitoki bandani hata kama mwenyewe amevaa kofia yake na watoto wamepanga foleni. Mtu hapewi usukani kwa kuwa amefika mapema. Huanza kwa kusafisha masizi, kisha hutia makaa, kisha huendesha akisimamiwa, hata waliomtangulia waridhike naye. Wako wenye mishahara ambao laiti wangepimwa hivyo!

Turudi Rhyl. Mwaka 1978 treni zilianza tena kulizunguka ziwa, na mwanzoni mwa karne hii uendeshaji ukaingia mikononi mwa watu wa kujitolea. Injini za Barnes zilizokuwa zimetawanyika zikatafutwa. Mwaka 2007 ikafunguliwa stesheni mpya yenye jumba la makumbusho, mahali ambapo mgeni anaweza kuzitazama injini hizo na kusoma habari zake. Mwaka 2011 reli ikatimiza miaka 100. Tazama maajabu ya hesabu: kitu ambacho fedha zilikifunga, watu wasiolipwa walikiendesha hata kikatimiza karne.

Wala usiione kazi yao kwa macho ya siku ya jua, bendera zikipepea na watoto wakishangilia. Hiyo ni sehemu ndogo. Reli ni kitu kinachooza. Mvua ya pwani huozesha mataruma, chumvi hula chuma, majani huota kati ya mawe, na ardhi hulala upande mmoja hata njia ikapinda. Katika miezi ya baridi, wakati hakuna mtoto hata mmoja kando ya ziwa, ndipo watu wa reli za namna hii hupiga magoti katika matope, wakiondoa taruma bovu na kutia zima, wakikaza bolti kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mwingine huketi bandani akikwangua kutu siku nzima ili siku inayofuata apake rangi. Mwingine huandika hesabu za tiketi. Injini inayoondoka saa tano za asubuhi imewashwa moto na mtu aliyeamka mapema sana, kwa sababu maji hayachemki kwa kubembelezwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa hao hupata nini?" Nilimwambia aniandikie insha juu ya kile alichopata yeye mwenyewe kwa kucheza kandanda kila jioni. Sijaiona insha hiyo hadi leo.

Wapinzani wa kazi ya bure wana hoja tatu, na haifai niwapuuze.

Hoja ya kwanza ni kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri: mwenye kushiba ndiye awezaye kuchezea mvuke, mwenye njaa na atafute mkate. Nakubali kwamba mwenye njaa hana Jumamosi. Lakini wenye hoja hii wamesahau historia ya nchi yao wenyewe. Mwaka 1963, Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa, Kenya haikuwa nchi ya walioshiba. Hata hivyo wazazi walibeba mawe, wakafyatua matofali na kuezeka mabati, na shule nyingi za sekondari za miaka ya 1960 na 1970 zikasimama kwa mikono iliyorudi nyumbani bila senti. Huenda wewe unayeyasoma maneno haya umeketi sasa hivi ndani ya chumba kilichojengwa hivyo. Kama kazi ile ilikuwa bure, basi na wewe unasoma bure.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba anayefanya kazi bila mshahara humnyang'anya mwenzake anayehitaji mshahara. Ni kweli kwamba uovu huo upo. Yuko mwajiri ambaye ana kazi, ana fedha, na anamhitaji mfanyakazi kila siku kutoka asubuhi hata jioni. Lakini humwita kijana mwenye cheti, akamwambia ajitolee kwanza "apate uzoefu", na uzoefu huo hauna mwisho. Huko si kujitolea. Kujitolea ni kwa mtu anayeweza kukataa na asipungukiwe na kitu. Kijana anayekubali kwa kuwa anaogopa kukosa kazi milele hajajitolea. Ametozwa kodi na asiye serikali. Wanafunzi, mtakapomaliza masomo, mtaitwa kwa neno hili tamu mara nyingi, basi mpime kwa kipimo hiki. Lakini kosa hilo haliwagusi watu wa Rhyl. Mshahara wa reli ile ulikuwa umekwisha tangu mwaka 1969. Hapakuwa na mkate mezani wa kumnyang'anya mtu. Wao walilikuta jungu tupu, wakalisugua, wakatia maji, wakapika tena. Tena wageni wanaovutwa na treni hununua chakula na kulala katika nyumba za wageni, na humo wamo wanaolipwa.

Wala reli ndogo haishindwi kutumika kwa kazi ya mshahara palipo na haja. Kule Kent, reli ya Romney, Hythe and Dymchurch, ya inchi zile zile 15, ilifunguliwa mwaka 1927, na urefu wake ni karibu kilomita 22. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi liliichukua likaweka juu yake treni yenye silaha. Tangu mwaka 1977 hata mwaka 2015 ilichukua wanafunzi kwenda shuleni na kuwarudisha. Naandika haya kwa furaha ya pekee, nikiwafikiria nyinyi mnaogombania mlango wa matatu saa kumi na mbili za asubuhi.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa sana kwetu, na ndiyo iliyonikalisha kuandika. Husemwa: vitu vya umma ni vya serikali, basi serikali na ivitunze, sisi tumekwisha lipa kodi. Bustani ikijaa takataka, ni ya serikali. Benchi likivunjwa, ni la serikali. Bomba likivuja mbele ya mlango wa mtu, atalivuka kila siku kwa kuruka, akikunja suruali yake, na moyo wake utamwambia kwamba hana lawama. Mimi sisemi kwamba serikali isamehewe wajibu wake. Aliyepokea kodi na afanye kazi ya kodi. Nasema kwamba ofisi, hata iwe njema namna gani, haina kumbukumbu ya moyoni. Ofisi hutunza kile inachokihitaji mwaka huu.

Ushahidi uko Nairobi. Katika mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja. Katika reli zote za upana wa mita moja ulimwenguni hazikupata kuwako injini za mvuke kubwa kuliko hizo, wala zenye nguvu kuzipita. Zilipandisha mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hata Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Hazikuwa mali ya tajiri mmoja. Zilikuwa za umma, chini ya shirika la umma, lenye karakana, mafundi na bajeti. Zilipokuja injini za dizeli, majitu yale yaliondolewa kazini moja baada ya jingine, na kufikia mwaka 1980 hakuna hata moja iliyokuwa ikivuta mizigo. Wakubwa wa reli hawakutenda uovu. Kazi yao ilikuwa kuchukua shehena, na chuma chakavu kina bei.

Katika zile 34 zimebaki 2, Mount Gelai na Mount Shengena. Zote mbili zimo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, mwendo mfupi kutoka stesheni kuu. Nenda ukaitazame Mount Gelai. Gusa gurudumu lake, uone ni kipi kilichokufika kifuani. Kisha ujiulize kwa nini jitu lile limesimama kimya hapo, na Joan, ambaye angeweza kupita chini ya kidevu chako, bado ana watu wa kumfuta masizi.